Tumwachie Mungu, au Tumwachie Mama?

Likizo iliyopita nilitoka hapa Mbale kwenda Jinja kumwona mpwa wangu wa miezi mitatu, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Akinyonya dakika chache hutoka jasho kipajini, huchoka, huacha. Kwa hiyo dada hukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, akiwa amempakata wima. Akilala, dada huhesabu pumzi zake. Upasuaji utafanyika Taasisi ya Moyo, Mulago, Kampala, lakini daktari anataka mtoto aongeze uzito kwanza.

Nikamwambia, "Dada, pumzika. Tumwachie Mungu."

Akanijibu, "Basi saa nane za usiku uamke wewe."

Niliona haya. Mimi ndiye ninayesomea dini! Hadithi ya yule mtu aliyeamriwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kisha ategemee, sote tunaijua, sijui kwa nini haifiki chumba cha mzazi. Tukisema "tumwachie Mungu", mara nyingi tunamwachia mama.

Kuna atakayeuliza: na kama siku ya mtoto imeshaandikwa? Imeandikwa, naam, lakini sikuonyeshwa mimi. Nilichoonyeshwa ni mtoto mwenye njaa asiye na nguvu za kunyonya. Hata akifariki kesho, leo ana haki ya kushiba.

Saa nane niliamka. Kikombe kimoja kilichukua dakika 40.