Chombo Kikiwa Nchi Kavu



Kijana mwenzangu, leo tufikiri pamoja juu ya swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza linaonekana dogo: je, mtu ana wajibu wa kutunza kitu ambacho kwa sasa hakimfaidii chochote?

Turudi mwaka 2020, kipindi cha korona. Tanzania haikuwafungia watu ndani kama nchi nyingine nyingi, na makanisa yetu yaliendelea kuwa wazi. Lakini Unguja ilionja kufungiwa kwa namna yake. Mwezi Machi shule zilifungwa, ndege za watalii zikaacha kuja, na kisiwa kinachotegemea sana wageni kikabaki bila wageni. Vyombo vilivyozoea kutoka Forodhani kuwapeleka watu Changuu, au kuwazungusha watalii jioni kule Kendwa na Nungwi, vikabaki pwani bila kazi.

Sasa, chombo cha mbao hakipumziki kama baiskeli uliyoiegemeza ukutani. Kikikaa juani siku nyingi, mbao zinakauka, zinasinyaa, na maungio yanaachia. Siku ukikishusha majini kinavuja kila upande. Ndiyo maana watu wa pwani hukifunika makuti na kukimwagia maji ya bahari, ndoo kwa ndoo, ili mbao zisikauke. Halafu kuna kazi kubwa zaidi: kukalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta kwenye maungio; kupaka sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hadi barabarani; na kupaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, sehemu ya chini inayokaa majini, ili wadudu wasitoboe mbao.

Kusema ukweli, ukimwona mtu anamwagia maji chombo ambacho hakijulikani kitasafiri lini, unaweza kumwona anapoteza muda. Hoja yenyewe ina nguvu: thamani ya kitu ni matumizi yake, hakuna matumizi, hakuna sababu ya kukihangaikia. Tena nyumbani watoto wanataka kula. Utanunuaje pamba na mafuta ya chombo wakati sufuria iko tupu?

Hapa tutofautishe mambo mawili. Kwanza, hakuna anayebanwa kufanya lisilowezekana; hilo ni fundisho la zamani katika maadili yetu. Mwenye chombo aliyeshindwa kununua deheni mwaka ule kwa sababu fedha ilienda kwenye unga hakutenda dhambi. Alichagua vizuri, maana mtoto ni zaidi ya chombo. Tusitumie neno "wajibu" kuwapiga maskini. Lakini ndoo ya maji ya bahari hainunuliwi. Pale ambapo gharama ni jasho dogo tu, sababu ya umaskini inaisha, na swali linabaki palepale.

Pili, hoja ile inapindua mpangilio wa mambo. Inasema matunzo yanafuata matumizi. Angalia chombo chenyewe: ni matumizi yanayofuata matunzo. Waliporuhusiwa tena wageni, chombo kilichotunzwa kiliweza kushuka majini. Kilichoachwa kikauke kilihitaji fundi kwanza, na fundi anataka pesa ambayo bado haijapatikana.

Ila kuna jambo la ndani zaidi ya faida ya kesho. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba Mungu hakuumba vitu kisha akaondoka. Anavishika viendelee kuwapo kila nukta, kama jua linavyoendelea kuiangaza hewa. Jua likiondoka, nuru haibaki hewani kwa mazoea. Basi we fikiria: wewe na mimi tunatunzwa sasa hivi, hata katika siku ambazo hatumfaidii mtu yeyote. Kama Mungu angetutunza kwa kipimo cha matumizi yetu, nani angebaki? Na katika kitabu cha Mwanzo, mtu anawekwa bustanini alime na pia aitunze. Kutunza ni sehemu ya wito wetu tangu mwanzo. Hatukuongezewa baadaye.

Sasa tuje kwetu. Kila mmoja ana kipindi cha kukaa nchi kavu. Umemaliza chuo, ajira hakuna. Umesali mwaka mzima, husikii kitu. Mmonaki Evagrius, aliyeishi jangwani Misri karne ya 4, aliieleza hali hii vizuri: mtawa anatazama jua mara kwa mara, anaona kama siku haisogei, na kila kazi ndogo ya chumbani mwake inaonekana haina maana. Aliiita akedia. Leo hatutazami jua, tunatazama simu. Na jaribu ni lilelile: "Nitaanza kusali vizuri mambo yangu yakikaa sawa." Mambo yakikaa sawa utakuta maungio yameachia.

Soma Marko 1:19. Yakobo na Yohane walipoitwa na Bwana hawakuwa wanavua. Walikuwa ndani ya mashua, wanatengeneza nyavu. Wito uliwakuta kwenye kazi ambayo siku ile haikuwaletea samaki hata mmoja.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja wiki hii. Usianze na kalafati. Anza na ndoo moja. Dakika tano za kuitafakari siku kabla ya kulala. Simu moja kwa bibi, umwamkie "shikamoo" bila kuomba kitu. Ukurasa mmoja wa kile kitabu ulichokiacha. Chagua kimoja, ukifanye kila siku, hata siku usiyoona faida yake.

Bwana hajakuambia bado utasafiri lini. Je, leo akikuita, chombo chako kitaelea?

Tuombeane.