Radhi ya Asiyekosa

Mwenye kuomba radhi ni yule aliyekosa. Ndivyo ada ya watu ilivyo. Tarehe 7 Desemba 1970, Willy Brandt, Kansela wa Ujerumani Magharibi, aliivunja ada hiyo mjini Warsaw. Mbele ya mnara wa mashujaa wa mtaa walimofungiwa Mayahudi, alikwisha kuweka shada la maua, alipiga magoti juu ya mawe yaliyorowa, akanyamaza. Ajabu ni kwamba yeye hakuwa na hatia. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 alikuwa kijana wa miaka 19, akakimbilia Norway, nao baadaye wakamvua uraia. Waliokuwa na la kujutia walikuwa nyumbani. Na jarida la Der Spiegel lilipowauliza Wajerumani, asilimia 48 walisema tendo lile limepita kiasi.

Je, radhi ile ilikuwa na uzito? Wako watakaosema kuwa toba haina wakili. Ni kweli, lakini Brandt hakutubu kwa niaba ya mtu, alikiri deni. Anayevaa joho la nchi hulivaa pamoja na madoa yake, wala hawezi kupokea funguo za hazina akayakataa madeni.

Liko gumu zaidi ya hilo. Mwaka 1972 yeye na mawaziri wakuu wa majimbo walipitisha agizo la kuwachunguza waombaji wa kazi za umma, na wako walionyimwa hata ualimu kwa sababu ya itikadi zao. Kosa hili lilikuwa lake mwenyewe. Alikuja kulikiri baada ya kutoka madarakani, kwa maneno tu, magoti hayakuonekana. Pengine ni wepesi zaidi kuinamia dhambi ya wengine.

Alijiuzulu Mei 1974, msaidizi wake Günter Guillaume alipobainika kuwa jasusi wa Ujerumani Mashariki. Wastaafu wengi huishia kuandika kumbukumbu. Naye aliziandika, lakini pia aliongoza tume iliyochunguza utajiri wa Kaskazini na ufukara wa Kusini, Amir Jamal wa Tanzania akiwa miongoni mwa wajumbe wake. Ripoti ilitoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata wakuu wa nchi walikutana Cancún, Nyerere akiwemo, wakaagana bila ahadi ya maana. Safari hii wadai walikuwa hai, naye Brandt hakuwa tena na sahihi ya kuwalipia.