Kabla Hujatafuta Taa ya Kobe

Wajukuu zangu, juzi mmoja wenu alinikuta nimekaa nje mlangoni, akanionyesha picha kwenye simu. Kobe yumo ndani ya sanduku la kioo, juu yake zinawaka taa mbili, chini pamemwagwa mchanga mwekundu na kuwekwa kisahani cha maji. Akaniuliza, "Babu, vitu hivi Mbarara nitavipata wapi kwa bei ya chini?" Nikamuuliza kwanza kobe mwenyewe yuko wapi. Akasema yuko chini ya kitanda, ndani ya beseni. Rafiki yake alimwokota vichakani upande wa Juru, akamuuzia kwa bei ya sahani ya wali na maharage.

Nawajibu nyote kwa pamoja, maana najua kobe huyo si wa kwanza kulala chini ya kitanda hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Mimi nilipokuwa kijana nilimnunua wangu njiani nikitoka Mbarara, kwa mtu aliyembeba ndani ya gunia. Nilimweka ndani ya boksi pembeni mwa nyumba, nikampa posho, mkate na siku nyingine wali uliobaki. Nilidhani kobe ni jiwe linalotembea, halihitaji kitu. Mwezi wa kwanza alikula vizuri. Kufika mwezi wa tatu akawa anaburura miguu ya nyuma. Siku moja nikambonyeza mgongoni kwa kidole gumba, gamba likabonyea kama karatasi ya boksi iliyoloa maji. Taya la chini nalo lilikuwa laini, hawezi tena kukata jani. Aliishi wiki mbili baada ya hapo. Mnyama ambaye porini angeweza kuniona nikizeeka, nilimuua kwa mkate.

Baadaye nilijifunza sababu yake. Mwili wa kobe hutengeneza vitamini D kwa miale ya jua inayopiga ngozi yake moja kwa moja. Bila vitamini hiyo, kalsiamu anayokula haifiki kwenye mifupa wala kwenye gamba, na posho na mkate havina kalsiamu ya kutosha hata kidogo. Tena miale hiyo haipiti kwenye kioo. Kobe aliyewekwa dirishani, nyuma ya kioo, anapata joto na mwanga, lakini mifupa yake inabaki na njaa. Ndiyo maana watu wa Ulaya wananunua zile taa za pekee mlizoziona kwenye picha, kwa kuwa miezi mingi ya mwaka jua lao ni dhaifu. Taa hizo huchoka ndani ya mwaka mmoja hivi: jicho lako linaona bado zinawaka, kumbe ile miale imekwisha. Na taa ya vifaranga mtakayouziwa mjini inatoa joto tu. Sisi tunaishi chini kidogo ya mstari wa ikweta, hata digrii moja ya kusini hatujafika. Mnatafuta taa ya bei nafuu, na jua liko juu ya paa lenu bure.

Lakini hata jua si neno la kwanza. Neno la kwanza ni kwamba kobe yule si wako. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inasema mnyama wa porini ni wa Serikali, inayomshika kwa niaba ya wananchi. Kumfuga kunahitaji kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori, na kumfanyia biashara kunahitaji kibali kingine. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka, adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20. Sisemi kobe wa Juru atakufikisha huko. Nasema hivi: wewe ni mkimbizi, unaishi hapa kwa karatasi, na karatasi hiyo ndiyo inayokupeleka hospitali, shuleni na barabarani mpaka Mbarara. Usiiweke rehani kwa ajili ya beseni lililo chini ya kitanda.

Ambaye kweli ana kibali, au anafanya kazi mahali panapofuga kwa ruhusa, nitamwelekeza, na hatahitaji fedha nyingi. Aache kutafuta duka la wanyama wa kizungu. Aende kwenye maduka ya dawa za mifugo na vyakula vya kuku pale Mbarara, aombe maganda ya kome yaliyosagwa, yale yanayochanganywa kwenye chakula cha kuku wa mayai. Hiyo ndiyo kalsiamu, na inauzwa kwa kilo. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kutwangwa, yanafanya kazi ileile. Waya wa kuku na mabaki ya mbao kwa fundi seremala yanatosha kwa boma la nje, nusu lipate jua na nusu kivuli, kwa sababu kobe asiye na mahali pa kulikimbia jua la saa saba hufa kwa joto. Dumu la zamani likikatwa chini linakuwa chombo cha maji, kifupi, asije akazama. Chakula ni majani na nyasi, matunda kidogo sana. Na mboga za sokoni zioshwe vizuri, maana zinapigwa dawa.

Sasa kinyonga. Hapa nataka mnisikilize zaidi, kwa sababu kwa kinyonga tunakosa kwa njia mbili. Wazee wetu wengi, Kivu, Burundi na hapa Ankole, wanamwogopa. Wanasema ni mkosi, na mtoto akimwona anampiga mawe. Kinyonga hana sumu. Wala ulimi wake haumdhuru mtu, ni wa kukamatia panzi na nzi. Kosa la pili ni jipya, nalo linatoka kwa anayejua kwamba nje ya nchi kuna watu wanaompenda. Kwenye milima yetu ya Kivu mpaka Rwenzori yupo yule mwenye pembe tatu puani, na wageni wanamtamani. Basi mtu akija kijijini akasema, "Nileteeni vinyonga, kila mmoja nitalipa," jueni kwamba vinyonga wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, na hawavuki mpaka bila karatasi. Yeye ataondoka na gari lake. Atakayekutwa na mfuko mkononi ni wewe.

Na kinyonga hafugiki kwa bei nafuu. Wengi wao hawatambui maji yaliyotulia kwenye bakuli. Hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, kama umande. Ukimfungia ndani ya kioo bila hewa, anaugua. Anataka wadudu walio hai, tena mara kwa mara. Wengi wanaotolewa porini wanakufa mapema, wakiwa na maji mbele yao.

Nyoka nitasema kwa ufupi: hapana. Nyumba zetu ni za udongo na turubai, watoto wanalala chini, na dawa ya sumu ya nyoka haipatikani katika kila kituo cha afya. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kung'atwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa, na sisi hatuhitaji kuongeza hesabu hiyo kwa kupenda kwetu.

Liko pia jambo la watoto wadogo. Kobe, kenge, mjusi, wote wanaweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuonekana wagonjwa. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuuza kasa na kobe wadogo ambao gamba lao halifiki inchi 4, karibu sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwabusu na kuwatia mdomoni, kisha wanaharisha vibaya. Nyumba ambayo maji yanachotwa kwa dumu na sabuni inahesabiwa si mahali pa kumweka mnyama huyo karibu na mtoto chini ya miaka mitano.

Najua mnawapenda wanyama hawa. Mnayo macho ya kuwaona, na hilo ni jambo jema. Basi mwangalieni yule mjusi mwenye kichwa cha buluu anayepanda na kushuka kwenye mti. Andikeni daftarini anatoka saa ngapi, anakula nini, anamfukuza nani. Mwenye nia ya kusomea kazi hii aanzie hapo, kisha atafute njia ya Entebbe, kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori, ambako wanyama hawa wanatunzwa kwa ruhusa.

Na wewe mwenye beseni chini ya kitanda: usimuuze, na usimwache popote upendapo, maana kobe aliyekaa na watu anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake. Pita kwa mwenyekiti wa RWC, baraza la wakimbizi, wa kijiji chako, mwende pamoja ofisini Base Camp mkaombe maafisa wa wanyamapori waitwe, nawe uwaambie ukweli alikotolewa. Nitakwenda nawe. Njoo kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali.