Rafiki Akishakuwa Mume

Penelope Featherington anampenda Colin Bridgerton kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyohiyo Colin anamwona rafiki tu, mtu wa kupiga naye soga pembeni huku wengine wakicheza dansi. Ndicho kiini cha riwaya ya Julia Quinn ya mwaka 2002, Romancing Mister Bridgerton, ambayo matukio yake yako London ya 1824. Mwaka 2024 Netflix ilikileta kisa hicho katika msimu wa tatu wa tamthilia ya Bridgerton, kikawafikia hata wasiowahi kufungua riwaya ya mapenzi.

Utamu wake unaeleweka. Rafiki hahitaji kudanganywa. Ameshakuona ukiaibika, na bado yupo.

Aristotle alilipa jambo hili vitabu viwili vizima vya Maadili ya Nikomako, cha 8 na cha 9. Urafiki mwingine, anasema, ni wa manufaa, mwingine wa raha, na upo wa watu wema wanaotakiana heri. Huo wa mwisho hauna haraka, ndiyo maana anakumbusha methali ya kale kuhusu watu kula chumvi pamoja kwanza. Lakini alipofika kwa mume na mke alisita. Alikubali kwamba wema unaweza kuwaunganisha, kisha akawaweka katika kundi la marafiki wasiolingana: mmoja juu, mwingine chini.

Hapo ndipo swali linapouma. Mtu akipewa mamlaka juu ya rafiki yake, urafiki wao unabaki na nini?

Waandishi wengi hulikwepa kwa kuishia harusini. Leo Tolstoy hakulikwepa. Katika Vita na Amani, Natasha Rostova, mchumba wa Andrei, anajaribu kutoroka na Anatole Kuragin, na mpango unavunjika kwa fedheha. Anayekuja kumfariji ni Pierre Bezukhov, rafiki wa Andrei, ambaye bado amefungwa katika ndoa na Hélène, dada wa huyohuyo Anatole. Pierre anamwambia kwamba angekuwa mtu bora zaidi, tena huru, angemposa papo hapo. Ni maneno ya rafiki au ya mpenzi? Ni yote mawili, na Tolstoy ana busara ya kutoyatenganisha.

Wanaoana mwaka 1813. Riwaya inaendelea hadi 1820, na wapenzi wa Natasha huona uchungu hapo: ana watoto wanne, ameacha kuimba, hajali tena mavazi, na ana wivu hata mumewe akizungumza na mwanamke mwingine. Ila usiku, wawili hawa wakibaki peke yao, mazungumzo yao yanarukaruka kutoka jambo hadi jambo bila mpangilio, na kila mmoja anamwelewa mwenzake. Urafiki haukufa, umebanwa chumbani.

Riwaya hiyo ilikamilika kuchapishwa mwaka 1869. Mwaka huohuo John Stuart Mill alitoa Uingereza kitabu chake dhidi ya kutiishwa kwa wanawake, akitetea ndoa ya watu walio sawa. Alikuwa na sababu yake. Alikutana na Harriet Taylor mwaka 1830, mke wa mtu, na kwa miaka karibu 20 urafiki wao uliwapa watu maneno. Mume wa Harriet alifariki 1849. Mwaka 1851, kabla ya kumwoa, Mill aliandika tamko la kuyapinga mamlaka ambayo sheria ingempa juu ya mkewe na mali yake, akaahidi kutoyatumia kamwe. Kisheria karatasi hiyo haikuwa na nguvu yoyote. Alibaki na neno lake tu, kama rafiki yeyote.

Hili linamrudia Penelope, ambaye kwa siri ndiye Lady Whistledown, mwandishi wa umbea anayelipwa kwa kalamu yake. Mwaka 1824 fedha za mwanamke aliyeolewa zilikuwa za mumewe, labda ziwe zimewekwa chini ya wadhamini. Msomaji anaambiwa amtegemee Colin, naye Colin ni mtu mwema, kwa hiyo jambo linapita. Sheria iliyowaruhusu wake wa Uingereza kumiliki mapato ya kazi zao ilipitishwa mwaka 1870. Penelope wa riwaya, aliyekuwa na miaka 28 alipoposwa, angekuwa bibi wa miaka zaidi ya 70.