Bungua na Ilhamu ya Majira

Tangu mtaalamu wa wadudu Marcovitch alipobainisha, mnamo mwaka 1924, kwamba vidukari hufuata urefu wa mchana katika uzazi wao, wataalamu wamethibitisha kuwa wadudu wengi wa nchi za baridi, mchana upunguapo kupita kadiri maalumu, hata kama jua lingali na joto na majani yangali mabichi, husita kukua wakalala usingizi mrefu kabla theluji haijaanguka. Na ni ajabu kubwa kwamba mdudu asiyejua hesabu hujiandalia dhiki ambayo hajapata kuiona.

Lakini mtu wa Tarime, karibu na ikweta, ambako tofauti baina ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima haifiki robo ya saa, ana haki ya kuuliza: viumbe wa huku hupata wapi habari ya majira, ikiwa jua halisemi neno?

Mtazame bungua, kiwavi atobozaye mabua ya mahindi na mtama. Mmea uzeekapo na kukauka, yeye huacha kukua, akakaa ndani ya bua kiangazi kizima bila kuwa pupa, hata maji ya mvua yamfikie ndipo azinduke. Nao nzi wa nyama wa upande wa Nairobi, ambao mtafiti Denlinger aliandika habari zao mwaka 1974, hulazwa na baridi ya Julai na Agosti, wala si na mwanga.

Kitabu cha Yeremia huwataja ndege wajuao nyakati zao, na Surati Nnahli humtaja nyuki aliyefunuliwa kazi yake na Mola. Wako wadhanio kwamba sababu ikishajulikana, ilhamu imebatilika. Mimi nasadiki kinyume chake: sababu ndiyo njia ipitayo ilhamu, na kudura ya Muumba yadhihirika zaidi kwa kuwa kila nchi imepewa shahidi wake mkweli, huko mwanga, huku bua kavu na tone la mvua.

Hata hivyo, mkulima wa Mugumu ambaye shamba lake limetobolewa atauliza kwa uchungu kwa nini hidaya hiyo apewe adui wa chakula chake. Namjibu kwamba alama aifuatayo bungua haikufichwa kwa mwanadamu: mabua yakilishwa ng'ombe au yakifukiwa chini kabisa kabla ya mvua za kwanza, bungua hana tena mahali pa kuzingojea.