Kama kichwa cha habari kingetiiwa

Novemba 3, 1948, baada ya uchaguzi wa rais wa Marekani, gazeti la Chicago Daily Tribune liliingia mitaani na kichwa kikubwa cha habari: Dewey amembwaga Truman. Hebu tufikirie kichwa hicho kingetiiwa kama amri. Rais Truman angefungasha masanduku na kurudi kwao Missouri. Gavana Dewey angewasili Washington na lori la vyombo kutoka Albany, akutane mlangoni na maofisa walioshika matokeo. "Mheshimiwa, kura hazikutosha." Naye angewakunjulia gazeti: "Mbona imeandikwa hapa?" Mpishi wa Ikulu angeivisha chakula cha jioni asijue ampakulie nani. Na kule Moscow, Stalin angeandika barua mbili za pongezi, moja ikae akiba.

Wachapaji wa Chicago walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo gazeti lilipelekwa mitamboni mapema kuliko kawaida, kabla majimbo mengi hayajamaliza kuhesabu. Wahariri wakaegemea utabiri, na kura kubwa za maoni zote zilikuwa zimempa Dewey ushindi. Haraka ya mitambo naielewa. Kuandika ushindi ambao haujapatikana sikubaliani nako hata kidogo. Mhariri asiye na matokeo ana maneno halali ya kuandika: "Kura bado zinahesabiwa."

Msomaji, usiku wa uchaguzi lidai gazeti lako maneno hayo, na ulivumilie likiyaandika. Hesabu ilipokamilika, Truman alikuwa na kura 303 za wajumbe wa majimbo, Dewey 189.