Chipukizi Lililo Chini ya Kiungo

Somo: Yakobo 1:21–25, Wagalatia 5:16–24

Tunaendelea na mafundisho yetu juu ya matunda. Swali la wiki hii ni moja: je, Neno limeungana nawe, ama mko tu karibu karibu?

Jumamosi iliyopita, mvua ikiwa imekolea, tulitoka na Ushirika wa Wanaume kuzunguka vitalu vya miche kutoka Nyeri mjini hadi Karatina. Wengi walitafuta avokado aina ya Hass. Kwenye kitalu kimoja, shosho mwenye miche alituwekea miwili kando kando, yote ya kijani na ya kupendeza. Mmoja ulikuwa wa bei ya chini. Ndugu mmoja akauliza, "Shosho, si hii ni kitu kimoja?" Shosho akacheka. "Mwanangu, angalia shingo."

Mche wa bei ya juu ulikuwa na kovu kwenye shina, mahali ulipokatwa na kuunganishwa. Ule mwingine shina lilikuwa laini. Haukuwahi kuguswa na kisu. Uliounganishwa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Wa mbegu unaweza kukuweka hata miaka saba, na tunda lisifanane na lile ulilolipenda. Chuoni nilikosomea biashara tulifundishwa kwamba bei ni ile unayolipa leo, lakini gharama utaijua baadaye.

Hass zote zilitokana na mti mmoja wa Rudolph Hass kule California, Marekani, aliousajili mwaka 1935. Hass halisi iliyo Mathira leo imefika kwa tawi kukatwa na kuunganishwa, tena na tena. Haikufika kwa mbegu kuanguka chini ya Hass.

Mzazi, hapo ndipo penye uzito. Mtoto wako amekulia Sunday School, anajua nyimbo zote, na karibu anaenda chuo Nairobi. Kuanguka chini ya mti mzuri hakutoshi. Kaa naye chini umuulize kama yeye mwenyewe amempokea Yesu. Usingoje hadi matunda yakushangaze.

Na wewe uliyeokoka kitambo, usidhani umemaliza. Tukiwa tunaondoka, shosho alituita tena. "Pasta, waambie hivi: chipukizi likitokea chini ya kiungo, litolewe mapema. Msilionee huruma." Kwa nini? Kwa sababu linatoka kwenye shina la zamani, na mara nyingi hukua kwa kasi kuliko tawi jema. Ukiliacha, linanyonya chakula, na kesho una mti mkubwa wenye matunda ya kienyeji. Kwa mbali, jirani anaona shamba limestawi!

Yakobo anaweka mambo mawili pamoja: tutupe machafu, na kwa unyenyekevu tulikaribishe Neno ambalo Mungu amelipanda ndani yetu. Wengine tunalikaribisha Neno kila Jumapili, lakini machipukizi hatuyagusi. Mzani wako wa majani ya chai unasemaje karani akigeuka? Kwa chama, wewe mweka hazina, hesabu ya mwezi jana iko wapi? Nyumbani je, ile hasira unayoiita "ndivyo nilivyo"? Mpendwa, kweli ndivyo ulivyokuwa. Hilo ndilo shina la zamani. Lakini Roho Mtakatifu amekupa uzima mwingine, na anao uwezo wa kuukuza.

Zoezi la wiki: taja chipukizi moja kwa jina mbele za Mungu. Kama ni pesa ya mtu, irudishe kabla ya Jumapili. Kama ni neno kali, omba msamaha leo jioni.

Tuombe: Baba, wewe ndiwe mkulima. Kata kilicho cha zamani ndani yangu kingali kichanga, na tunda langu lifanane na Yesu. Amina.